Gauni Lililopaswa Kuchomwa

Kasulu, 3 Februari 2025

Mdogo wangu Esteri,

Salaam nyingi, na baada ya salamu nakugombeza. Wiki ya tatu sasa simu yako haipatikani, mpaka nashika kalamu kama bibi zetu. Kama umekufa ungenitumia habari.

Abbasi, konda wa basi la asubuhi, amenifikishia masweta ya shule na vitambaa vya makochi. Vitambaa vimegombaniwa hapa dukani mpaka wanawake wawili wakatoleana maneno. Uzi wako nimeufunga kwenye mfuko mweusi. Mwekundu nimekuongezea kuliko ulioagiza, na utajua sasa hivi kwa nini.

Nilipokuja kwako Desemba, ulipotoka kununua sukari, nilifungua lile pazia la nyuma. Nisamehe, mimi ni mmbea, tangu lini hujui? Nikaziona zile nguo. Ile blauzi iliyochanwa kutoka kwapani hadi kiunoni, na pale palipochanika hukutia kiraka, umefuma uzi mwekundu, umejaa na kutuna kama nyama mbichi. Nilikaa chini kwenye kigoda chako. Uliporudi nikakwambia ni joto.

Nazitaka hizo, Esteri. Tarehe nane mwezi wa tatu ni Siku ya Wanawake, tunafanya maonyesho ukumbini hapa Kasulu, na mimi ndiye mwenyekiti wa kamati. Kila mwaka tunaonyesha vikapu na mikeka na batiki, tunapigiwa makofi, kisha tunarudi nyumbani kupigwa. Mwaka huu nataka watu wakose pa kutazama. Matundu yako yaning'inie ukuta mzima, na jina lako chini yake.

Nijibu kwa mkono wa Abbasi.

Dada yako,
Asmahani, duka la vitenge, sokoni

---

Kibondo, 9 Februari 2025

Da Asmahani,

Amahoro. Simu nimeizima mwenyewe na laini nimeikata kwa mkasi. Kuna mwanamume anawapigia mafundi wote wa Kibondo, leo kwa namba hii, kesho kwa ile. Anamuulizia mke wake kwa sauti ya upole. Ukinyamaza, naye ananyamaza, unabaki unamsikia anavyopumua. Anajua mke wake anaweza kushona, kwa hiyo anajua popote alipo anakula kwa sindano.

Yuko kwangu, nyuma ya pazia hilo hilo ulilolifungua bila ruhusa.

Anaitwa Godeliva, ameolewa Makere na mtu anaitwa Nestori. Alikuja mwishoni mwa Desemba, wewe umeshaondoka, akitokea hospitali. Daktari alikuwa amemshona bega, naye akaniletea mimi gauni nimshonee. Nestori alimkata kwa panga kwa sababu alimjibu mbele ya mama yake. Hilo ndilo kosa, sijaficha lingine. Nilipomaliza kulipima lile tundu nilimwambia abaki, anisaidie masweta. Hatoki nje mchana. Nestori akimpata atammaliza. Amemwapia, na mimi namwamini.

Unauliza hizi nguo nilizianzaje. Hapa nipo karibu na hospitali, wanawake wakiruhusiwa wanapitia kwangu kwanza, hawataki kurudi nyumbani wamechanika. Zamani nilikuwa nashona kwa ufundi, uzi wa rangi ile ile, mshono usionekane, nikasifiwa mji mzima. Siku moja mama mmoja akaniletea blauzi ile ile kwa mara ya nne. Nilipandwa na hasira mpaka nikaona giza. Nikamwambia, hii niachie, nikupe nyingine. Nikachukua uzi mwekundu, nikasema kama ni tundu basi na lionekane, nyang'au wakubwa hawa.

Nitakutumia. Lakini sikia masharti yangu. Hakuna jina la mwanamke, hakuna kijiji. Lebo zote nimetoa. Ndani ya mzigo nimeweka na gauni la Godeliva, la njano lenye ndege, kanga wa bluu, limepasuliwa kutoka bega hadi kifuani. Yeye aliniambia nilichome moto. Nilimwambia nimeshalichoma. Sikulichoma, dada. Nilikaa nalo, nikafuma ile njia ya panga kidogo kidogo, na sijawahi kufanya kazi nzuri kama hiyo tangu nishike sindano. Mkono ulikataa kulitia kwenye moto. Anataka kusahau, namwelewa, lakini akisahau yeye mimi nitakumbuka kwa niaba yake.

Kitenge ni kitenge, masoko yamejaa. Hakuna atakayejua.

Esteri Nduwayezu

---

Kasulu, 19 Februari 2025

Mdogo wangu,

Mzigo umefika. Nimeufungulia chumbani nikiwa nimejifungia, na sikutoka mpaka adhuhuri.

Udugu wetu ni wa biashara na umeanza juzi, kwa hiyo wewe hukumjua mwanangu Mwanahawa. Alifia kwa mumewe, ukweni, mwaka juzi. Wakasema ameteleza kisimani. Wazee wakakaa, wakanywa chai, wakaafikiana kwamba ameteleza. Mimi nikaomba nguo alizokuwa amevaa. Unajua walinirudishia nini? Walinirudishia zimefuliwa, zimepigwa pasi na kukunjwa vizuri. Nikaambiwa nishukuru, wakwe wa siku hizi hawana adabu hiyo.

Kwa hiyo usinieleze kuhusu kuchoma na kufua. Ulifanya la maana kutolichoma.

Lile la njano nimelitazama sana. Nitalitundika mahali panapolistahili. Kuhusu majina ondoa wasiwasi, kila mtu anavaa kitenge.

Asmahani

---

Kasulu, 8 Machi 2025, baada ya futari

Esteri, Esteri!

Sijui nianzie wapi. Nimempiga mtu katika Mwezi Mtukufu, na Mungu anisamehe, sijutii.

Tulifungua saa tatu. Gauni la njano nililitundika pale mlangoni, mtu akiingia linamkabili uso kwa uso. Hapo mwanzo watu walikuwa wanacheka na kushikana mikono, wakifika pale wanaachiana mikono. Kuna mzee aliyevua kofia. Mgeni rasmi alisimama muda mrefu, akauliza fundi ni nani, nikamwonyesha jina lako kwa herufi kubwa: Esteri Nduwayezu, Kibondo. Wanataka zipelekwe Kigoma mjini, umenisikia?

Saa tano wakaja wanawake wa Makere waliokuwa sokoni, na wawili kati yao walikuwa wamevaa kitenge hicho hicho, njano, kanga wa bluu. Ikawa wenyewe wanatazama ukutani, watu wanawatazama wao. Mmoja akapiga yowe akasema, "Hii ni sare ya harusi ya Melkiadi! Hii ni ya wifi yetu Godeliva!" Melkiadi ndiye mdogo wake Nestori. Simu zikapigwa; haikupita hata saa, Nestori huyo hapo kwa pikipiki ya kukodi.

Hakupiga kelele. Alisimama akalitazama, akasoma jina lako chini, midomo inacheza. Kisha akalishika kwa mikono miwili akalivuta, ukuta ukabaki na msumari. Nikamwambia, "Weka chini, wewe muuaji." Akanisukuma nikagonga meza ya vikapu. Hapo nikachukua mita yangu ya mbao, ile ya kupimia vitambaa, nikampiga nayo ya uso, ikavunjika, nikampiga na kile kipande kilichobaki. Damu ikatoka puani ikaingia kwenye mkeka wa watu. Wanawake wakavua viatu. Walimpiga kama wanapura maharage, Esteri, na mimi nilisimama pale nikasikia raha ambayo sijaisikia tangu nimzike mwanangu.

Alipochomoka mlangoni aligeuka akasema mbele yetu wote: "Nitamchinja, na huyo fundi wake nitamkata mikono."

Polisi walikuja kuuliza kelele za nini. Niliwaambia ni ugomvi wa bei ya kitambaa, umekwisha, na wenzangu wakaitikia. Ningesema ukweli wangefunga ukumbi siku ya kwanza.

Nampa Abbasi barua hii alfajiri. Mwambie Godeliva asitoke. Fungeni mlango. Ni maneno ya mwanaume aliyeaibika, lakini fungeni.

Asmahani

---

Kibondo, hospitalini, 12 Machi 2025

Mama Asmahani,

Shikamoo. Anayeandika ni Godeliva. Esteri hawezi kushika kalamu.

Barua yako ilikuja basi moja na mume wangu. Abbasi amelia hapa mbele yangu. Anasema abiria mmoja mwenye uso uliovimba alishuka Makere, akaomba asubiriwe achukue mzigo, akarudi na kitu kirefu kwenye gunia. Abbasi alisogeza mabegi ya watu ili gunia lipate nafasi. Barua ilikuwa mfukoni mwake muda wote huo.

Mume wangu alimkuta Esteri kwenye mashine ya kufuma. Mimi nilikuwa nyuma ya pazia, napiga masweta pasi. Alimwamkia vizuri, halafu akauliza, "Mke wangu yuko wapi?" Esteri akasema, "Hapa kuna masweta tu." Akamshika mkono wa kulia, akaulaza juu ya mashine, akaupiga kwa ubapa wa panga. Akauliza tena. Esteri alimlilia Mungu wake, "Mana yanje!" lakini alipopata pumzi akasema, "Masweta tu, kaka." Akampiga tena. Mifupa ilisikika kama kuni kavu. Mimi nilikuwa nimejiziba mdomo kwa sweta la mtoto wa shule. Sitakudanganya, mama, nilitafuta dirisha kwanza. Dirisha lina nondo.

Halafu nikatoka na pasi ya mkaa, imejaa moto. Nilimpiga nayo usoni. Kifuniko kikafunguka, makaa yakammwagikia shingoni na kifuani. Akaanguka. Nilimpiga alipoanguka pia. Nikampiga tena, na tena, mpaka Esteri akanikamata mguu kwa mkono wake mzima. Chumba kizima kilinuka sufu na nywele.

Yuko wodi ya wanaume, hajafumbua macho. Askari amekaa mlangoni kwake, na mwingine ananifuata mimi hata nikienda chooni. Esteri vidole vyake viwili daktari anasema havitakunjika tena. Anauliza ni vidole vipi, anaambiwa, na kesho yake anauliza tena.

Sasa nakuuliza. Kitenge kile hukumbuki? Wakati wa harusi ya Melkiadi, mama mkwe alitaka sare ambayo hakuna mwanamke mwingine Kasulu nzima atakuwa nayo. Tulikuja dukani kwako, wanawake wote wa ukoo. Uliagiza jora moja tu, likaja jipya halijafunguliwa. Ulitupimia mwenyewe kwa mita yako ya mbao, mmoja mmoja, na mimi ulinitania kuwa mabega yangu ni mapana, nahitaji nyongeza. Ndiyo maana nilimwambia Esteri achome. Yeye akadhani nataka kusahau. Mimi nilikuwa najificha.

Esteri hakujua, yeye si wa Makere, na amenililia vya kutosha. Lakini wewe ulilitazama sana, umeandika mwenyewe. Walikuja wanawake wangapi dukani kwako kwa kitenge kile, mama, hata unisahau mimi?

Esteri ananikataza kutuma barua hii. Naituma.

Godeliva

---

Kasulu, 15 Machi 2025

Godeliva,

Niliisoma barua yako nikaichana. Nikasema mtoto huyu hana adabu, nimempigania mpaka nimevunja mita yangu, leo ananihoji kama hakimu. Nikaokota vipande.

Nilikijua. Nilipofungua tu mzigo, kabla gauni halijatoka lote, nilikijua. Nilikumbuka hata bega lako.

Ningeweza kuliweka sandukuni. Lakini kila nilipokunja nilikuwa naona zile nguo za Mwanahawa zilizopigwa pasi. Nikasema huyu mmoja, angalau huyu mmoja, asimame mbele ya tundu alilotoboa, na watu wanamtazama. Nilitaka aaibike mpaka ahame mji. Nilidhani mwanaume akiaibika anakimbia. Wa kwetu, mume wa Mwanahawa, hakuaibishwa na mtu, kwa hiyo sikujua wakiaibika wanafanya nini.

Wewe sikukufikiria. Nakuandikia hilo kama lilivyo. Nilimfikiria mwanangu, nikamfikiria Nestori, wewe uliye hai nikakuruka.

Nimempa Abbasi mchele, mafuta na khanga mbili, moja yako, moja ya Esteri. Gauni lilichanika vipande viwili, vyote ninavyo. Niambie nifanye nini na nitafanya.

Asmahani

---

Kibondo, 20 Machi 2025

Asmahani,

Naandika kwa mkono wa kushoto, ndiyo maana herufi zinaanguka. Sitarudia kurasa hizi, kwa hiyo zisome vizuri.

Nestori alifariki Jumatatu. Jumanne wakamchukua Godeliva. Kesi ni ya mauaji. Alikuwa anakamua kitambaa cha kunifuta uso wakamwambia aweke chini. Nimempelekea uzi na sindano za kufumia aliko, wakazirudisha, wakasema ni silaha. Wana haki. Mimi sasa naijua sindano, naijua pasi, naijua na mita ya mbao.

Ndugu wa marehemu wako hapa, wamepanga chumba karibu na kituo cha polisi. Wanasema Nestori alikuja kwa amani kumchukua mkewe, na panga ni la shamba, nani Makere hatembei na panga? Wanasema ugomvi ulikuwa wake na mimi, na kwamba alipigwa akiwa chini, hana nguvu. Hilo la kupigwa akiwa chini ni kweli, na Godeliva amelikiri. Hajui kusema uongo, ndiyo shida yake. Mimi nimeeleza yote, lakini wananiambia mimi ni mhusika, mkono wangu umevunjwa, nina chuki.

Nikamwambia mpelelezi kwamba siku moja kabla, mbele ya ukumbi mzima, aliapa kumchinja. Akapiga simu Kasulu. Wakamjibu tarehe nane hakuna kitu kama hicho, palikuwa na ugomvi wa bei ya kitambaa, na mwenyekiti wa kamati ndiye aliyesema hivyo.

Nilimcheka mpelelezi usoni, nikadhani anakutungia. Kisha nikakumbuka ulivyoniandikia. Uliniandikia kwa furaha, dada.

Kosa langu nalijua, hulali nalo wewe, nalala nalo mimi. Ningechoma lile gauni Godeliva angekuwa amekaa hapa leo ananikosoa mishono. Niliipenda kazi yangu kuliko yeye, nikamdanganya machoni. Nimemwambia hivyo kupitia nondo. Hakusema amenisamehe. Aliuliza kama vidole vinauma.

Mchele nimegawa. Khanga uliyonipa inarudi na Abbasi. Hizo nguo nyingine ziteremshe, zisiende Kigoma wala popote, kila moja ina mwenyewe na sikumuuliza hata mmoja.

Hutaki kufanya chochote mpaka uambiwe? Basi nasema. Njoo Kibondo. Nenda kwa mpelelezi, useme alichosema Nestori mlangoni, na useme ulidanganya. Mimi na wewe hatuna la kuongea.

Esteri

---

Kasulu, 23 Machi 2025

Esteri,

Kaka yangu Nurudini amenishika mkono leo mpaka umeacha alama. Anasema kuwadanganya polisi ni kosa, nitafungwa mimi, na Idd iko mlangoni, na ndugu wa Nestori watalichoma duka. Wale wanawake walioitikia nami siku ile nimewapitia nyumba kwa nyumba. Wote wamesahau. Mmoja alinifungia mlango nikiwa bado namwamkia.

Nguo nimeziteremsha. Nimeziweka mfuko mmoja, nakuja nazo, uwarudishie wenyewe au wazichome mbele yako.

Barua yako ya mwanzo kabisa uliandika kwamba hakuna atakayejua. Ningekujibu siku ile kwa mstari mmoja tu, na leo ningekuwa nakuandikia kuhusu uzi. Mstari huo nilikuwa nao mkononi. Nausema sasa ambapo haufai kitu: kitenge hicho kimetoka dukani kwangu.

Nimemtanguliza Abbasi na barua hii kwa basi la leo, nisije nikalala nikaamka na akili za Nurudini. Mimi nakuja na la kesho asubuhi. Nitashuka nimwendee mpelelezi moja kwa moja, kabla ya kunywa hata maji, maana nimefunga. Nitamwambia Nestori alisema atamchinja. Nitamwambia mimi ndiye niliyelificha, na kwa nini. Nitamwambia pia kitenge nilikijua, hata asiponiuliza, ili Godeliva asiwe peke yake ndani ya chumba kile aliyesema ukweli unaomuumiza.

Kwako sitapita. Lakini wakiniachia nitoke, nitakaa kwenye benchi la nje pale kituoni mpaka jioni. Ukitaka kuja kunitemea mate, nitakuwepo.

Asmahani